Mama Chumvi na Damu Iliyogoma Kuganda

Jina la Mama Chumvi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, na mtaa haukukosea. Alikuwa fundi cherehani wa mapazia na sare za shule, mwenye miaka sitini na saba na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na katika maisha yake hakuwahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi. Mvua ikinyesha robo saa, yeye alikuwa ameogelea kutoka dukani hadi nyumbani. Paka akipita dirishani, alikuwa chui, tena mwenye mimba. Watu walimsikiliza, wakacheka, kisha wakachuja wenyewe kama mtu anavyochuja chai.

Mumewe alikuwa Fundi Saa. Kibanda chake kilikuwa mkabala na duka la mkewe, ng'ambo ya njia, na nyuma ya kioo chake ungemwona ameinama mchana kutwa, lenzi jichoni, kibanio mkononi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole kupita kiasi. Akijigonga kwenye kiti, alikiomba kiti radhi. Miaka arobaini na moja ya ndoa hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, na watu walisema si kwa wema tu. Sauti yenyewe ya kupandisha hakuwa nayo.

Basi Jumanne moja asubuhi, Mama Chumvi alipokunja mikono ya blauzi ili akate kitambaa, aliona damu imevilia chini ya ngozi ya mkono wa kushoto. Doa lilikuwa pana kama kisahani cha chai, rangi ya bilinganya. Akalibonyeza. Liliuma kidogo. Akajiuliza amejigonga wapi, asipate jibu.

Akiwa bado anajitazama, aliingia mke wa kinyozi kufuata mapazia yake.

"He! Mama, huo mkono umefanya nini?"

Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Lakini "sijui" ni neno ambalo halikuwahi kupata nafasi katika kinywa cha Mama Chumvi.

"Baba watoto kanikuta na barua ya mpenzi wangu," akasema, akakonyeza jicho.

Kukonyeza kuna ubaya mmoja: hakusikiki. Mke wa kinyozi alikuwa ameinama anahesabu kulabu za pazia. Maneno aliyasikia yote. Jicho hakuliona. Aliondoka na mapazia kwapani na habari moyoni, na kati ya mizigo hiyo miwili, mapazia ndiyo yaliyochelewa kufika nyumbani.

Kufikia Alhamisi madoa yalikuwa manne. Moja kwenye goti, moja begani, na lingine chini ya taya, mahali ambapo hata shali haikulificha vizuri. Mama Chumvi aliyaona kama mambo ya uzee. Alimeza aspirini yake ya magoti kama kawaida, akaendelea kushona.

Ng'ambo ya njia, Fundi Saa alianza kushangaa. Kinyozi, aliyekuwa akimpigia soga tangu povu hadi taulo, alimnyoa kimya kama ananyoa maiti. Wanawake wawili waliokuwa wameacha saa zao walizifuata kabla hazijatengenezwa. Kisha akaja mwanamume mmoja mwenye kifua kipana, akaegemea kioo, akashusha sauti.

"Mzee, nasikia siku hizi unanyoosha."

Fundi Saa wakati huo alikuwa ameshika mshale wa saa uliopinda, mwembamba kama unywele. Hakuinua macho.

"Nanyoosha, ndiyo. Lakini kwa utaratibu. Ikishindikana natoa kabisa, naweka mpya."

Yule bwana akaondoka haraka. Jioni ile mtaa mzima ulijua kwamba Fundi Saa si tu anampiga mkewe, bali ana mpango wa kuoa mwingine.

Habari hizo zilipofika kwa binti yao mkubwa, hakukalia kiti. Yeye alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na hata nyumbani walimwita hivyohivyo, Mwalimu Mkuu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Jumamosi saa tatu kamili aliingia kwa wazazi wake na daftari.

"Baba, kaa pale. Mama, wewe hapa karibu yangu. Tuna ajenda moja." Akafungua kalamu. "Baba, umemfanya nini mama?"

Fundi Saa alimtazama binti, akamtazama mkewe. "Lini?"

"Usiniulize lini. Mtaa mzima unasema unampiga."

Mama Chumvi alicheka peke yake, kisha akaona hakuna anayemsindikiza.

"Mwanangu, ule ulikuwa utani! Nilimtania mke wa kinyozi. Baba yako ampige nani? Huyu anayefungulia mende mlango apite?"

"Na hayo madoa?"

"Yametoka tu. Sijaanguka, sijajigonga, sijaguswa na mtu. Nalala mzima, naamka nina doa."

Mwalimu Mkuu akaweka kalamu chini taratibu. Macho yalikuwa yamemlowa. "Mama, kila anayepigwa husema hivyohivyo."

Ndipo Mama Chumvi alipotambua jambo lililomchoma. Maisha yake yote alikuwa akisema uongo mtamu na kuaminiwa nusu. Leo kasema kweli tupu, haaminiwi hata chembe.

Fundi Saa hakujitetea. Alivua lenzi iliyokuwa bado kwenye paji la uso, akaipangusa kwa shati. "Kumbe ndiyo maana kinyozi haniongeleshi," akasema, kana kwamba amegundua hitilafu ya saa. Afadhali angefoka. Kwa Mama Chumvi sauti ile ndogo ilikuwa nzito kuliko kofi ambalo hakuwahi kupigwa.

Ikaamuliwa aende kwa binti yake. Fundi Saa mwenyewe ndiye aliyemfungia begi.

"Nenda tu, mama watoto. Ukibaki ukapata doa lingine, mimi watanifunga."

Kwa binti yake alitunzwa kama yai. Hakuruhusiwa kubeba ndoo, wala kushika mkasi, wala kwenda uani peke yake. Mkwe wake, fundi rangi mwenye kicheko cha kupasua dari, alinyata nyumba nzima kwa soksi ili asimshtue. Siku mbili zikapita salama, na Mwalimu Mkuu akaanza kutikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyepata ushahidi.

Siku ya tatu asubuhi Mama Chumvi alipiga mswaki, fizi zikatoka damu. Akasukutua. Ikatoka tena. Wenzake walimaliza chai, damu bado inatoka. Aliposimama, paja la kulia lilimvuta kama limefungwa kamba. Akarudi chumbani, akapandisha gauni. Paja lilikuwa jeusi tangu nyonga hadi karibu na goti, limejaa na kukaza kama ngoma.

Aliogopa. Lakini hata hofu haikumzuia.

"Mwalimu Mkuu!" akaita. "Njoo na daftari lako! Baba yako yuko mtaa wa nne kutoka hapa, na mimi nimepigwa tena. Haya, mkamateni mkwe!"

Mkwe alitokea mlangoni na mswaki mdomoni, povu likimtiririka kidevuni. "Mama! Mimi? Haki ya Mungu nilikuwa nimelala! Mke wangu, waambie nilikuwa nimelala!"

Mama Chumvi alitaka kucheka, akashika mlango. Binti yake aliliona paja, na uso wa mwalimu mkuu ukamtoka, ukabaki uso wa mtoto anayemtafuta mama yake sokoni. Hakuandika kitu. Alichukua simu, akampigia baba yake.

"Baba, tunakwenda hospitali. Njoo. Na unisamehe."

Hospitalini walipokewa na daktari, mwanamke mfupi mwenye macho makini na viatu vya kimya. Aliyatazama madoa moja baada ya jingine, kisha akawaomba jamaa wote watoke nje. Akavuta kiti.

"Mama, swali hili huwa namuuliza kila mtu mwenye alama kama hizi, na jibu lako litabaki hapa. Yupo mtu anayekuumiza?"

Hadithi tatu zilimjia Mama Chumvi kwenye ncha ya ulimi, moja ikiwa na mamba. Akazimeza zote.

"Hakuna, daktari. Nimekuja na ukweli mtupu. Hauna ladha, lakini ndio huo."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Basi tuanze na damu yako."

Maswali yakafuata. Amewahi kung'olewa jino? Ndiyo, mawili, na damu ilikoma upesi. Amezaa? Watoto wanne, bila tatizo. Kaka zake, wajomba, watoto wa kiume, yupo aliyewahi kutoka damu bila kukoma? Hakuna hata mmoja. Anatumia dawa gani? Alipotaja aspirini, daktari aliinua kidole.

"Hiyo iache leo hii. Haijaleta ugonjwa, lakini inazidi kuichelewesha damu kuganda."

Mtaalamu wa maabara alikuja mwenyewe kuchukua damu ya pili, kwa kuwa majibu ya kwanza hayakumwingia akilini. Alikuwa kijana mrefu mwenye sharubu nyembamba, na baada ya kuchomoa sindano alikandamiza mahali pale kwa pamba muda mrefu mpaka vidole vikamfa ganzi.

Mchana alirudi. "Mama, damu yako inachelewa mno kuganda. Sasa nimefanya hivi: nimechukua yale maji ya manjano ya damu yako, nikayachanganya na ya mtu mwenye afya. Kama ungekuwa umepungukiwa tu na kitu, ungeazima kwa mwenzako, mambo yakaisha. Na mwanzoni ilionekana hivyo. Lakini nilipouacha mchanganyiko kwenye joto kama la mwili, saa mbili, ukagoma tena kuganda. Maana yake kwenye damu yako kuna kitu kinachoharibu hata cha mwenzako."

Mama Chumvi akashika kifua. "Mwanangu! Yaani hata ndani ya chupa nachokoza watu?"

Kijana alijaribu kujizuia, akashindwa. "Ndiyo, mama. Hata ndani ya chupa."

Majibu kamili yalipotoka, daktari aliwaita wote, Mama Chumvi kitandani, Fundi Saa kwenye kiti, Mwalimu Mkuu na mumewe wamesimama ukutani kama wanafunzi waliochelewa.

"Damu haigandi kwa jambo moja," daktari alieleza. "Kuna vigandishi vingi, na tumevipa namba. Kimoja kikifanya kazi kinamwamsha mwenzake, mpaka tundu linazibwa. Wewe mama, kigandishi namba nane karibu hakipo kabisa. Wapo watu wanaozaliwa nacho kidogo, wengi wao wanaume, na huo ni ugonjwa wa kurithi. Wako si huo. Huu umeupata ukubwani."

"Kwa nani?" akauliza mkwe, akisogea nyuma hatua moja.

"Hauambukizi. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Kazi yake ni kupiga vijidudu vya nje. Kinga yake imekosea, ikamwona namba nane kuwa adui, ikatengeneza kingamwili za kumshambulia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mwalimu Mkuu polepole.

Fundi Saa akainua kidole. "Ngoja daktari, nielewe. Gurudumu la nane lipo. Kiwanda kinalitengeneza kila siku. Ila kuna mtu ndani ya saa analichomoa."

"Umeelewa kuliko wanafunzi wangu."

"Kwa hiyo hata mkiongeza magurudumu, atayachomoa."

"Ndiyo. Ndiyo maana tuna kazi mbili. Ya kwanza, dawa ya kupitisha kwenye mshipa, inayoifanya damu igande kwa njia nyingine bila kumtegemea namba nane, ili lile paja lisiendelee kuvuja ndani. Ya pili, vidonge vya kuituliza kinga, wiki nyingi, mpaka iache uchokozi. Na sindano za msuli, marufuku."

"Na kilichoianzisha?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Wakati mwingine ni ugonjwa mwingine uliojificha, na tutautafuta. Karibu nusu ya wagonjwa hatupati sababu yoyote. Ni ugonjwa adimu sana. Kwa mwaka mzima, katika watu milioni moja, anaupata mmoja, labda wawili."

Mama Chumvi akainuka kwenye mto. "Mmoja katika milioni?"

"Lala, mama."

"Nalala. Lakini umesema mmoja katika milioni, na hawa wote wamesikia, wasije kusema nimeongeza."

Siku nne za mwanzo hazikuwa za kucheka. Paja liliuma hata shuka likiligusa, na asubuhi moja wauguzi waliingia na kutoka wakipima mzingo wake kwa utepe, nyuso zimekunjamana. Mama Chumvi, ambaye utepe ulikuwa chombo chake cha kazi, alizisoma namba mwenyewe na kujua kwamba zinapanda. Fundi Saa alikaa kando ya kitanda, mkono wake mkavu juu ya wa mkewe, bila kuubana, akihofia asije akaacha doa.

"Nimekuharibia jina," akasema Mama Chumvi. Hakuongeza kitu mbele wala nyuma.

"Umeniharibia," alijibu mumewe. "Iliniuma. Nilikaa mle kibandani najiona mwizi." Akamrekebishia mto. "Pona kwanza. Tutagombana baadaye."

Siku ya tano namba za utepe zikaanza kushuka. Vidonge navyo vikaanza kumwonyesha mambo yake. Mashavu yakajaa, njaa ikamkamata kama mjamzito, na maneno yakamrudia yote kwa mkupuo. Alikula chakula chake, akala cha mgonjwa wa pembeni aliyekataa, akauliza kama kuna mwingine anayekataa.

Ndipo Jumatatu, mama mmoja wa kitanda cha dirishani alipojikongoja hadi kwake, akakaa, akamwinamia sikioni.

"Mama, nimeota nimebeba mlango kichwani, halafu nafika nyumbani nakuta hakuna nyumba. Maana yake nini?"

"Mimi nitajuaje, mwenzangu?"

Yule mama akatabasamu kwa subira. Hakuondoka. Mwingine akaja, yeye kaota samaki anamdai kiatu. Kabla ya saa sita walikuwa wanne, na nyuma yao mwanamke wa kusafisha sakafu, ameegemea fagio lake.

"Jamani, mimi si mtabiri wa ndoto!" Mama Chumvi alilia. "Nashona mapazia!"

"Mzee wako katuambia utakataa," alisema mama wa dirishani. "Kasema una kipaji cha ajabu ila unakikana, mpaka ubembelezwe mara tatu. Hii ya pili."

Mama Chumvi alikodoa macho. Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kumwamini. Akasema kweli, wakakonyezana. Hatimaye, kwa kuchoka, alimwambia yule wa mlango kwamba atapata mkwe mwenye mabega mapana, na mwanamke wa watu akarudi kitandani ameridhika.

Saa ya kutazama wagonjwa, Fundi Saa aliingia amechana nywele, akakaa, akaweka kofia magotini.

"Umeamkaje, mama watoto?"

Alimtazama. Uso wa mzee ulikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Ila sikio moja lilikuwa limemwiva jekundu.

"Wewe!" akasema Mama Chumvi. "Miaka arobaini na moja! Wewe!"

"Kumbe ni kazi rahisi hivi," alisema Fundi Saa. "Nilidhani unatumia akili nyingi."

Mama Chumvi alicheka mpaka akalishika paja kwa mikono miwili, muuguzi akaja kumkanya, naye muuguzi alipoelezwa akatoka haraka akiuma midomo.

Kesho yake kinyozi na mkewe walikuja kumwona. Mke wa kinyozi aliingia na machozi tayari. "Mama, mzee hapa hayupo. Sema tu, usiogope."

"Sikuguswa na mtu. Ni damu."

"Ndiyo mama, naelewa," akajibu mwenzake kwa sauti ya kubembeleza, naye Mama Chumvi akaona mchezo ni uleule. Hakubishana. Alimwita daktari aliyekuwa akipita.

"Daktari, nakuruhusu. Waeleze hawa kila kitu. Mimi sina sifa ya kusema kweli."

Daktari akaeleza, tangu namba nane hadi kingamwili. Kinyozi alisikiliza huku akikunja na kukunjua kofia. Mwisho akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mzee hakufanya kitu?"

"Hakufanya kitu."

Alasiri ileile, watu wa mtaa waliona kinyozi akivuka njia na beseni, povu na wembe. Akaingia kibandani kwa Fundi Saa, akamfunga taulo shingoni, akamnyoa palepale mbele ya kioo, kila mpita njia akiona, huku akipiga soga kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Fundi Saa alikuwa amenyoa asubuhi ile. Hakusema.

Wiki ya saba Mama Chumvi, akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, alikuja kupimwa. Vidonge vilikuwa vimepunguzwa, uchunguzi haukuwa umeonyesha ugonjwa mwingine uliojificha, na daktari alikuwa amemwonya kwamba hali hii huweza kurudi, hivyo kila mwezi lazima damu itazamwe. Mtaalamu wa maabara alitoka mwenyewe na kijichupa cha kioo.

"Leo imekubali," akasema. "Peke yake, na kwa wakati."

"Nione."

Akamwonyesha. Alipokiinamisha, damu haikumwagika. Ilikaa imeshikana chini, nyekundu nzito, kama jamu. Mama Chumvi aliitazama kwa muda mrefu. Fundi Saa naye akaomba aione, akasogea dirishani penye mwanga, akaichunguza upande huu na upande ule, mpaka yule kijana akakohoa kwamba kuna watu wengine wanasubiri.

Wakatoka. Lifti ilikuwa mbovu, wakashika ngazi. Mama Chumvi alishikilia reli, akiteremka kidaraja kimoja kimoja, na mumewe alitangulia mbele yake kwa daraja moja, anarudi kinyumenyume, mikono ameitandaza kama mtu anayepokea kabati.

"Ukiendelea hivyo nitakuangukia," akasema Mama Chumvi. "Damu itakuvilia mwili mzima."

"Yangu inaganda," alijibu Fundi Saa. "Shuka."